Nakusanya Balbu za Uzi, Nyumbani Nawasha LED

Balbu ya uzi ikiungua, usikimbilie kuitupa. Ishike kitako, iinue mbele ya dirisha, uichungulie ndani. Balbu iliyokufa huwa inaonyesha ilivyokufa, na kwangu mimi utamu wa kukusanya vitu hivi ulianzia hapo, kabla sijajua kwamba kuna watu wengine duniani wenye ugonjwa huu.

Mara nyingi utakuta uzi umekatika mahali pamoja, na kila ncha ina kitone kiduara cha chuma kilichoyeyuka. Hicho ni kifo cha uzee. Uzi wa tungsteni ukiwaka hufika karibu digrii 2,500 za Selsiasi. Tungsteni haiyeyuki mpaka ipite digrii 3,400, lakini kwa joto hilo la kazi huwa inageuka mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo unanata kwenye kioo. Ndiyo maana balbu iliyotumika sana ina weusi ndani. Weusi wenyewe nao una habari zake: ukikaa karibu na shingo, balbu ilikuwa ikining'inia kichwa chini, ukikaa kileleni, ilikuwa imesimama, maana gesi iliyomo ndani hupanda ikipata moto na kubeba masizi kwenda juu. Za zamani zaidi, zisizo na gesi, huwa na weusi uliosambaa kioo kizima.

Sehemu ya uzi iliyokonda hupata moto kuliko nyingine, na ikipata moto zaidi inakonda haraka zaidi. Inaweza kuendelea hivyo usiku mwingi bila wewe kujua. Mwisho hufika unapobonyeza swichi: uzi ukiwa baridi ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme kupita, ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa uzi unaowaka, kwa hiyo umeme unaingia kwa kishindo na pale palipokonda panakatika. "Nimewasha tu ikaungua," watu husema, na swichi hubeba lawama isiyo yake.

Kuna kifo kingine ambacho ni adimu kidogo. Kioo kinajaa unga mweupe, wakati mwingine wenye umanjano. Hiyo imeingiwa na hewa, kwa kawaida kwenye ufa mwembamba karibu na kitako, labda kwa sababu mtu aliikaza huku ameshika kioo. Oksijeni ikikutana na tungsteni yenye moto, uzi mzima huteketea na kubaki unga. Ninazo chache za aina hiyo na sizibadilishani na mtu.

Mjomba wangu, fundi umeme, ndiye aliyenifundisha kuitikisa balbu karibu na sikio kabla ya kuihukumu. Ikilia, uzi umekatika. Akiwa na haraka na hana nyingine mkononi, aliiinamisha na kuigongagonga kwa kucha mpaka ncha mbili zishikane, kisha anawasha, nazo zinajiunga kwa moto wake zenyewe. Balbu iliyofufuliwa hivyo hung'aa kuliko ilipokuwa mpya, kwa sababu uzi umefupika na umeme unapita mwingi zaidi. Haikai. "Hii ya leo tu, mjomba," alikuwa akiniambia, na kweli kesho yake au keshokutwa inazima moja kwa moja.

Alipostaafu aliniachia sanduku lake la vifaa. Chini kabisa, zimeviringishwa kwenye soksi, zilikuwapo balbu ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Moja ilikuwa na ncha kali ya kioo kileleni, kama chuchu.

Ile yenye ncha ndiyo iliyonimaliza. Nilitumia jioni nyingi kutafuta ncha hiyo ni ya nini, na jibu lilikuwa rahisi: ni mahali hewa ilipofyonzwa kutoka ndani, kisha kioo kikayeyushwa na kuzibwa. Baadaye viwanda vilihamishia mrija wa kufyonzea hewa kwenye shina la ndani, ukafichwa na kitako, na kufikia miaka ya 1920 ncha ilikuwa inatoweka kwenye balbu za kawaida. Kwa hiyo ukiona ncha, ama umeshika kitu cha zamani kweli ama umeshika cha kuigiza kilichotengenezwa juzi kwa ajili ya kupamba mgahawa. Za kuigiza ni nyingi. Tazama kitako: shaba nyeupe au alumini mpya inayong'aa ni ya kutilia shaka, shaba ya manjano iliyokolea uzee inatia moyo. Pale chini kabisa, kati ya kitako na kitone cha katikati, angalia kama kihami, yaani kile kisichopitisha umeme, ni kioo cheusi au kauri. Na usisahau kuinusa. Nacheka ninapoandika hivi, lakini balbu iliyokaa miaka mingi kwenye sanduku la mbao ina harufu yake.

Hatua ya pili ni kujua uzi ni wa kaboni au wa tungsteni. Hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Ukipima ukinzani wa balbu ya tungsteni ikiwa baridi utapata namba ndogo sana ukilinganisha na ile unayoipata kwa kukokotoa kutoka wati na volti zilizoandikwa. Kaboni inafanya kinyume: ikiwa baridi ukinzani wake ni mkubwa, na unapungua inapopata moto. Halafu kuna sumaku. Balbu ya kaboni yenye uzi mrefu uliopinda, ikiwashwa kwa umeme wa kawaida wa nyumbani ambao mkondo wake unageuka-geuka, ukiisogezea sumaku uzi unaanza kutetemeka, unakuwa kama pazia la mwanga. Usiache sumaku hapo muda mrefu. Uzi wenyewe ni mkongwe na umechoka.

Siziwashi kwa umeme wote. Nina transfoma ya kupandishia volti taratibu, na balbu ya kaboni ninaipa nusu ya volti zake au pungufu. Kwanza uzi unakuwa mwekundu wa giza, kiasi kwamba lazima uzime taa nyingine ili uuone. Unapanda polepole mpaka rangi ya chungwa, na hapo naacha. Katika hali hiyo unaweza kuutazama uzi moja kwa moja bila kuumia macho, ukaona ulivyopinda, ukaona hata palipo na unene usio sawa. Wageni wakija wanaomba niwashe mpaka mwisho. Nakataa.

Shuleni tulifundishwa kwamba Edison alivumbua balbu mwaka 1879, basi. Ukianza kukusanya unagundua kwamba hiyo ndiyo sehemu isiyosisimua kuliko zote. Joseph Swan alikuwa akifanya kazi ileile Uingereza wakati huohuo, na wawili hao waliishia kuunganisha biashara zao huko mwaka 1883. Lewis Latimer, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1882 ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni. Nyuzi za kwanza za tungsteni zilitokana na kazi ya Sándor Just na Franjo Hanaman, hataza yao ya Hungaria ikiwa ya mwaka 1904, lakini zilikuwa zinavunjika ukizitazama vibaya. William Coolidge ndiye aliyepata njia ya kuifanya tungsteni iweze kuvutwa iwe waya, karibu na mwaka 1910.

Wangu mimi ni Irving Langmuir. Mpaka wakati wake kila mtu aliamini kwamba ukitaka balbu bora, ongeza nguvu za kufyonza hewa, ombwe liwe safi zaidi. Yeye mwaka 1913 akaenda upande wa pili, akajaza gesi isiyoungana na chuma: naitrojeni kwanza, agoni baadaye. Gesi inaukandamiza uzi usigeuke mvuke haraka. Tatizo ni kwamba gesi hiyohiyo inachukua joto la uzi na kulipeleka kwenye kioo. Basi akaukunja uzi uwe springi iliyobana, ili uso unaopoteza joto uwe mdogo. Kila balbu ya uzi uliyowahi kuiona maishani mwako, kama si pambo, huenda ina springi hiyo. Chukua iliyokufa, ivunje ndani ya kitambaa ukiwa umevaa miwani, toa uzi, uuangalie kwa lenzi ya kukuza: utaona springi iliyokunjwa tena kuwa springi kubwa zaidi. Ukiinyoosha yote, waya uliokuwa na urefu wa upana wa vidole viwili unapita nusu mita, na ni mwembamba kuliko unywele.

Ni kazi ya mikono na akili ya kustaajabisha, na pamoja na yote hayo matokeo ni duni. Balbu ya wati 60 inatoa mwanga wa lumeni 800 hivi, lumeni ikiwa ndiyo kipimo cha mwanga. Katika umeme inaokula, kama asilimia 5 tu ndiyo inayotoka kama mwanga wa kuonekana. Iliyobaki ni joto. Ni hita inayovujisha mwanga. Nilipolielewa hilo kwa kushika na kupima, si kwa kusoma, ndipo nilipoacha kuwa mtetezi wa balbu za uzi. Watu wananitarajia niwe mtetezi wao, na hapo ndipo mazungumzo yetu huwa yanaharibika.

Mazungumzo hayo yana njia yake. Kwanza mtu ananitumia picha ya ile balbu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu mwaka 1901. Halafu anasema: unaona? Zamani walitengeneza vitu vya kudumu. Halafu anataja kundi la Phoebus, kwamba viwanda vilikula njama kuzifanya balbu zife mapema ili tununue zaidi.

Sehemu ya njama ni kweli, na haihitaji kutiwa chumvi. Mwishoni mwa mwaka 1924 watengenezaji wakubwa, Osram na Philips wakiwemo, walikutana Geneva wakagawana masoko na wakakubaliana balbu ya kawaida iishi saa 1,000. Balbu za wakati huo ziliweza kufika saa 1,500 au 2,000. Kila kiwanda kilitakiwa kupeleka sampuli zipimwe, na kilichozidisha umri kilitozwa faini. Vita vya mwaka 1939 ndivyo vilivyovunja mpango huo. Sina neno la kuwatetea watu waliotozana faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu.

Ila ukiwa na transfoma mezani unaona upande mwingine, ambao picha ya Livermore haiuonyeshi. Ipunguzie balbu volti kwa asilimia 5 tu, umri wake unazidi mara mbili. Mwanga unapungua kwa asilimia 16 hivi. Ipunguzie zaidi, itaishi kuliko wewe, na utasoma gazeti kwa shida. Balbu ya Livermore ni ya uzi wa kaboni, imetengenezwa na kampuni ya Shelby, na leo mwanga wake ni wa kama wati 4. Haijazimwa na kuwashwa kila siku kama yako. Inaning'inia pale nyekundu-nyekundu, ikipendwa. Mwaka 2013 ilizima watu wakadhani imekufa, kumbe kilichokufa ni kifaa cha kuilisha umeme. Wakaiunganisha moja kwa moja ikawaka tena.

Balbu ya kudumu ilikuwa rahisi kutengeneza wakati wote. Ngumu ilikuwa kuifanya idumu na itoe mwanga wa maana kwa umeme ule unaoulipia. Kwa kuwa katika maisha yake balbu ya wati 60 inakula uniti 60 za umeme kwa kila saa 1,000, gharama ya balbu yenyewe ni kidogo mbele ya gharama ya kuilisha, na balbu iliyofifishwa ili idumu ni hasara ya mwenye nyumba. Tume ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba wa biashara hii na kutoa ripoti mwaka 1951 ilikubali kwamba saa 1,000 zilikuwa kiwango cha kati kinachofaa kwa matumizi ya jumla, ingawa makubaliano ya kibiashara yenyewe hayakuwa ya haki. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ninapofika hapa msikilizaji wangu huwa ameshachukua simu yake.

Kisha ikaja miaka ya balbu za uzi kupigwa marufuku. Cuba ilianza mapema, mwaka 2005, kwa kampeni ya kubadilisha balbu nchi nzima. Australia ikatangaza mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ukaanza Septemba 2009 kwa balbu za wati 100 na zote zenye kioo cha ukungu, ukashuka mwaka hadi mwaka mpaka 2012 zikafikiwa za wati 40 na 25. China nayo ilianza na za wati 100 mwaka 2012. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007, ikayumbayumba, na kanuni ya kutaka angalau lumeni 45 kwa kila wati ikaanza kusimamiwa kikamilifu Agosti 2023.

Kwa mkusanyaji, miaka ile ilikuwa ya vichekesho. Mtu ninayebadilishana naye balbu, anayeishi Ujerumani, aliniandikia kwamba majirani zake wananunua kwa makatoni. Huko huko mhandisi mmoja, Siegfried Rotthäuser, mwaka 2010 aliagiza balbu za wati 75 na 100 akaziuza kwa jina la Heatball, akisema hizi si taa bali ni hita ndogo, na kwamba mwanga ni hasara tu isiyoepukika. Kwa fizikia alikuwa sahihi kabisa. Mamlaka hazikucheka naye, mzigo ukazuiwa.

Nami nilianza kupigiwa simu. "Kaka, wewe si ndiye wa balbu? Ninazo katoni nne za wati mia, mpya, utanipa ngapi?" Nilikuwa nawajibu kwa upole kwamba siwezi kutoa kitu. Balbu ya wati 100 ya mwaka 2008 ni kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni. Haitakuwa adimu mimi nikiwa hai. Adimu ni kile ambacho hakuna aliyeona sababu ya kukiweka. Ukitaka kuanza kukusanya, kumbuka hilo kabla hujatoa fedha. Balbu yenye nembo iliyochapwa vizuri kileleni, volti zisizo za kawaida, boksi lake la karatasi lenye maandishi, hiyo nitaifuata mbali. Boksi mara nyingi lina thamani kuliko balbu, kwa sababu boksi ndilo lililokuwa likitupwa kwanza.

Wakati huohuo nyumbani kwangu mambo yalikuwa yanabadilika kwa fujo. Kabla ya LED tulipitia zile za mirija iliyosokotwa, za kuokoa umeme. Nilizivumilia. Zilikuwa zinachelewa kufika mwanga wake kamili, hazikupenda kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, na kila moja ilikuwa na miligramu chache za zebaki ndani. Zilipunguza umeme, hilo siwezi kulikana, lakini ziliwafanya watu wengi waamini kwamba kuokoa umeme maana yake ni kukaa kwenye mwanga mbaya. LED zililipa deni hilo kwa miaka. Zile za mirija zenyewe sasa zinaondoka: nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana zile zenye kitako cha kawaida zikome ifikapo 2025, na mirija mirefu ifikapo 2027.

LED ya kwanza niliyoiweka bafuni karibu inivunjie ndoa. Mke wangu alijitazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akauliza, "Baba, tunaumwa?" Alikuwa sahihi. Mwanga ulikuwa mweupe wa samawati na ngozi zetu zilikuwa za kijivu. Kilichonisaidia kuelewa ni kujua LED nyeupe inavyotengenezwa. Hakuna chipu ya mwanga mweupe. Chipu ni ya bluu, imepakwa unga wa manjano unaopokea sehemu ya bluu na kuirudisha katika rangi nyingine, na mchanganyiko wake macho yanausoma kuwa mweupe. Nyekundu ilipatikana mapema, kwa Nick Holonyak mwaka 1962. Bluu ndiyo iliyowatesa watu miongo mitatu, mpaka kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Unga ukiwa wa bei rahisi, nyekundu inakosekana, na ngozi ya mtu bila nyekundu ni ngozi ya maiti.

Kwa hiyo siku hizi kwenye boksi natafuta mambo matatu, na wati si mojawapo. Lumeni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopima mwanga wenyewe: unayezoea wati 60 tafuta 800, utaipata kwa LED ya wati 8 au 9. Halafu kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: 2700 ni ule umanjano wa balbu ya uzi, 4000 ni mweupe wa ofisini, 6500 uwaachie wenye gereji. Halafu kipimo cha usahihi wa rangi, CRI, ambacho balbu ya uzi inapata 100. LED nyingi zina 80. Jikoni, bafuni na mahali unapochagua nguo, tafuta inayopita 90, hata ikikugharimu zaidi. Mke wangu hakuuliza tena kama tunaumwa.

Majirani waliposikia wakaanza kuniletea matatizo yao. Taa inayobaki na mwanga hafifu hata ikizimwa: mara nyingi swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo gizani, na umeme mdogo unaopita hapo, ambao uzi wa zamani haukuuhisi hata kidogo, unatosha kuiamsha LED. Taa inayopepesa kwenye swichi ya kupunguzia mwanga: swichi ya zamani ilitengenezwa kwa mzigo wa mamia ya wati, ukiipa wati 9 inachanganyikiwa. Hizo mbili zinatibika kwa kubadilisha swichi.

Ya tatu ndiyo iliyonirudisha kwenye kazi yangu ya kuchungulia maiti. Jirani mmoja, mama wa makamo asiyependa kupoteza kitu, alikuja na mfuko wa LED zilizokufa, akaumwaga mezani kwangu. "Waliniambia hizi zinakaa miaka kumi na tano," alisema. "Haya, niambie, umri wa nani huu?" Nilizifungua zote. Chipu nyingi zilikuwa nzima. Nilipozipa umeme wa betri ziliwaka. Kilichokufa kilikuwa ndani ya shingo, kwenye saketi ndogo inayogeuza umeme wa nyumbani uwe wa kufaa chipu. Pale pana kapasita, kikopo kidogo chenye kimiminika, na vikopo vile vilikuwa vimevimba vichwa. Nilipomuuliza taa zilikaa wapi, alisema ndani ya vifuniko vya kioo vilivyozibwa, juu darini.

Balbu ya uzi joto lake halikuwa na shida nalo. Ilikuwa inalitupa nje kama mnururisho na uzi wenyewe ulihitaji kuwa na moto. LED inatoa joto kidogo sana, lakini hilo kidogo halina pa kwenda isipokuwa kwenye mwili wake, na likikosa hewa linaipika kapasita. Saa 15,000 au 25,000 zilizoandikwa kwenye boksi zinahesabiwa kwa mazingira yenye nafuu. Tulimwekea nyingine zenye wati pungufu, zilizoandikwa kuwa zinafaa kwenye vifuniko vilivyozibwa, na mama yule akanyamaza. Kwake, kunyamaza ni shukrani.

Mahali pamoja nyumbani kwangu bado pana balbu ya uzi ya kazi: ndani ya oveni. Hakuna LED ya kawaida itakayostahimili joto la mle, na sheria nyingi zimeziachia balbu hizo mlango wazi kwa sababu hiyo. Wafugaji wa vifaranga nao wananiuliza, na ninawajibu kwamba wanachohitaji ni joto, kwa hiyo LED haitawasaidia. Wanunue taa za kutoa joto ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Mkusanyiko wenyewe umehama. Bado nina rafu ya kaboni na rafu ya tungsteni, kila balbu ikiwa imesimama kwenye pete ya karatasi ngumu, na kitambulisho cha penseli (wino huhamia kwenye boksi). Lakini ninachokitafuta sasa hivi ni LED za mwanzo. Zile za karibu mwaka 2010, nzito, zenye mbavu nene za alumini za kupoza joto, ambazo ukiiangusha moja mguuni utajua. Kuna moja ya Philips iliyoshinda shindano la L Prize la Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2011, ya kuchukua nafasi ya wati 60 kwa chini ya wati 10. Ikizimwa ni ya manjano ya kupita kiasi, mtu anadhani ni ya kuzuia wadudu, kwa sababu ule unga umewekwa kwenye ganda la nje badala ya juu ya chipu. Ikiwaka, mwanga wake ni mweupe na mzuri kuliko mwingi unaouzwa leo. Haikudumu sokoni, ilikuwa ghali. Watu wanazitupa pamoja na taka za elektroniki huku wakinihifadhia katoni za wati 100.

Kama unayo mojawapo, hata iliyokufa, usiifungue. Mimi nitaichukua pamoja na boksi lake.